Aliyelisalimia Jino

Lifti ilijaa watu wa mapumziko ya mchana, lakini Baridi, fundi wa viyoyozi, alijipenyeza na ngazi yake begani kana kwamba ngazi nayo imealikwa. Ncha yake ikagonga boksi alilolikumbatia dada mmoja wa gauni la kijani, mwenye jicho la kukata bati.

"Kaka, angalia! Humu ndani kuna mtu!"

"Kwenye boksi hili? Mbona kapungua hivyo?"

"Ni jino lake. Lina miaka elfu hamsini."

"Jamani, mpisheni mzee!"

Lifti nzima ikaangua kicheko. Dada alijikaza hadi ghorofa ya nne, penye maabara yake, kisha tabasamu likamponyoka.

Wakapeana namba, simu zikaanza. Dada alikuwa mtafiti wa vinasaba vya kale. Baridi akambatiza Bi Mifupa.

"Umekula, Baridi?"

"Nimekula, ila sauti yako sijashiba."

"Muongo wewe!"

Akamsimulia kuhusu wenye jino lile, Waneandathali, watu wa kale wenye mifupa minene, ambao hawapo tena. Watu wa aina yetu walikutana nao, wakazaa nao. Ndiyo maana hadi leo chembe za vinasaba vyao zimo miilini mwa watu.

"Kwa hiyo walitongozana?"

"Ulidhani walitumiana meseji?"

"Basi hata mimi nina matumaini."

Siku ya kulisaga jino ili kutoa vinasaba vyake, kiyoyozi cha maabara kikaanza kukoroma. Bi Mifupa akamwingiza Baridi mwenyewe, amemvalisha kama yeye: vazi jeupe, glavu mbili mbili, barakoa. "Usiguse kitu, mpenzi. Humu hata pumzi yako ni uchafu."

Alipogeuka kuchukua vifaa, Baridi akaliona jino limelala peke yake kwenye sahani. Utani ukamshinda. Akashusha barakoa, akaliinamia.

"Shikamoo, babu. Nimekuja kuposa."

"Unaongea na nani?"

"Na kiyoyozi chako hiki kikorofi."

Majibu yalipotoka, Bi Mifupa alipiga simu huku analia kwa furaha. "Mpenzi, ndani ya jino kuna wao na kuna sisi! Huenda ni mtoto wa watu wa aina mbili!" Jioni hiyo Baridi akaenda kuchagua pete.

Furaha haikudumu. Vinasaba vya kale huwa vimekatika na kuchakaa kwenye ncha. Vile vya aina yetu vilikuwa vizima, kama vya jana. Vilikuwa vya mwanamume, na wafanyakazi wote walipopimwa, hakuna aliyefanana navyo. Bi Mifupa akamletea Baridi kichupa cha kutemea mate.

"Nikuondolee shaka tu, mpenzi. Hukushusha barakoa, au siyo?"

Hapo ndipo ukweli ulipohitajika. Baridi akatoa kicheko.

"Mimi? Na ninavyokuogopa?" Akatema.

Simu iliyofuata haikuwa na salamu.

"Ni wewe."

"Nililisalimia tu, mama. Utani."

"Utani ningekusamehe siku ileile. Nilikuuliza ukanicheka usoni, mimi nikaenda kukutetea kwa bosi. Na jino limesagwa lote, Baridi. Yule mtu hana kingine duniani."

Wakakutana mara ya mwisho kwenye lifti ileile. Gauni la kijani, sanduku la safari. Kazi mpya ilikuwa mbali. Baridi alikuwa na ngazi yake, na pete mfukoni.

"Mate yako yalionyesha na jingine," Bi Mifupa akasema, macho kwenye mlango. "Una chembe ndogo sana ya watu wake. Kumbe ulimwamkia babu yako kweli."

"Usiende."

"Ule unga wa jino nimeuacha kwenye friji ya maabara huko juu. Wewe na yeye mmechanganyika, hata kuwatenganisha siwezi. Niliambiwa niutupe." Sauti ikakatika. "Sikuweza kukutupa. Na kukuamini pia siwezi."

Mlango ukafunguka. Akamgusa shavu kwa mkono mtupu, usio na glavu, kisha akajichanganya na umati.

Siku hizi Baridi haitwi tena ghorofa ya nne; anakwenda mwenyewe. Anapanda ngazi, anasafisha chujio, halafu anaweka kiganja kwenye mlango wa friji ile kuhakikisha bado inagandisha.

"Shikamoo, babu," ananong'ona, barakoa ikiwa usoni.