Jiko la Wifi

—Wadeni, nitazame usoni, halafu useme tena kwamba lile jiko ni langu.

Msichana alisimama ngazini, godoro begani, begi mkononi. Wadeni, msimamizi wa hosteli, hakumtazama. Alichambua funguo zake kana kwamba hajawahi kuona ufunguo maishani.

—Lilikutwa chini ya kitanda chako. Sheria ni sheria, mdogo wangu.

—Haya. Mtihani wa kesho nitausomea kwenye benchi la getini.

Akashuka. Wadeni alibaki na mate machungu mdomoni, maana alijua fika jiko lile la umeme ni la nani. Wiki iliyopita, kwenye ukaguzi wa vyumba, alilikuta kabatini kwa msichana aliyeishi chumba kimoja na huyu. Angekuwa mwingine, angenyang'anywa palepale. Lakini huyo ni mdogo wa mchumba wake, wifi mtarajiwa, na harusi imekaribia. Nani anataka kuingia ukweni kwa ugomvi? Akanong'ona tu, "Wifi, liondoe." Wifi akaliondoa kweli: akalisukumia chini ya kitanda cha mwenzake, akaendelea kupikia. Jana soketi ikaungua, ghorofa nzima ikakosa umeme, na msala ukamwangukia asiyehusika.

Simu ikatetemeka. Ujumbe wa mama mkwe:

"Mkwe wangu, binti kaniambia ulivyomsitiri. Sasa umeonyesha wewe ni wa kwetu."

Wadeni alitamani ardhi ipasuke immeze.

Akapanda hadi chumba kilichoungua. Mchumba wake, fundi umeme wa chuo, alikuwa amepiga magoti akibadilisha soketi.

—Mpenzi, nasikia umemtoa yule binti bila kupepesa macho. Ndiyo maana nakupenda. Huna upendeleo hata chembe.

—Usiseme hivyo.

—Kwa nini nisiseme? Kule karakana wenzangu wamechoka kusikia sifa zako!

—Nimesema nyamaza!

Bisibisi ikamponyoka fundi. Wadeni akaegemea mlango.

—Jiko ni la mdogo wako. Nililiona mapema nikafumba macho. Kwenye kikao cha nidhamu nikasema lilikutwa chini ya kitanda cha mwenzake, basi. Sikusema zaidi. Nimemtosa mtoto wa watu.

—Ulifanya hivyo kwa ajili yangu?

—Ningependa kusema ndiyo. Niliogopa mama yako asije akanikataa.

Fundi akakaa sakafuni. Sauti yake ilikuwa nzito.

—Piga simu sasa hivi, kabla sijakuonea huruma.

Wadeni akampigia mkuu wa hosteli mbele yake.

—Mkuu, binti tuliyemtoa hana kosa. Jiko ni la wifi yangu, na mimi nilijua.

—Unaelewa maana yake kwako?

—Naelewa. Nitakabidhi funguo leo.

Akakata, akakimbilia getini. Msichana alikuwa benchini, daftari mapajani, macho mekundu.

—Rudi chumbani kwako. Nimeshasema ukweli wote.

—Asante. Ila usinikumbatie.

—Sikukumbatii. Kasome.

Jioni, wadeni alikuwa anafunga sanduku katika chumba kile cha kazini alichokizoea. Fundi akatokea mlangoni, uso umemkunjamana.

—Mdogo wangu katolewa hosteli, yuko nyumbani analia. Mama kasema aliyemchoma binti yake kwa mkuu hakanyagi kwake.

—Na wewe unasemaje?

—Mimi nimekasirika. Tena hasira yenyewe si ya kuisha leo.

Wadeni akavua pete, akamnyooshea huku machozi yakimtiririka.

—Sikulaumu. Chukua.

—Nani kakuambia naitaka? Wiki nzima nimempenda muongo bila mimi kujua. Leo ndiyo umesema kweli, halafu leo ndiyo nikuache?

—Lakini mama...

—Mama tutamwangukia miguuni pamoja, na binti wa watu pia. Na nitakununia, nakwambia! Nitakununia mpaka mlangoni pa harusi. Siku hiyo ukichelewa, nakuja kukufuata mwenyewe.

Akamrudishia pete kidoleni, akabeba sanduku, akatangulia kushuka, bado kanuna.