Kiwanja cha Nyuma ya Jiko

Bustani ya Avelina pale Izia ilianzia nyuma ya jiko ikateremka hadi kwenye kijito: kabichi, maboga, na matuta ya maharage aliyoyainua kwa jembe lake mwenyewe. Asubuhi moja ya Jumanne, mumewe Isdori alimpimia mgeni nusu yake kwa hatua. Mgeni ni Ebenezer, mtumishi wa serikali kutoka Mbeya, anatafuta pa kujenga. Mtu mstaarabu, kosa halikuwa lake.

"Udongo huu, bwana, ukipanda msumari unavuna nondo," Isdori alijigamba.

"Hakuna kaburi lakini? Mke wangu hataki kabisa kulala juu ya watu."

"Kaburi? Labda la panya!"

Avelina alikuwa anachuma majani ya maboga. Mikono ikasimama.

Uongo mtupu, na Isdori alijua. Kwao, mtoto aliyekufa kabla ya kulia alizikwa na wanawake, nyuma ya jiko, bila msalaba. Mwanamume haonyeshwi mahali. Wa Avelina alikuwa pale mwaka wa kumi na tisa, chini ya tuta ambalo jembe lake halikuwahi kuligusa.

Mgeni alipoondoka, Avelina alimfuata mumewe.

"Baba Jenifa, nipe siku moja tu. Niwaite kina mama tumhamishe."

"Mji mzima ujue? Mnunuzi akimbie?"

"Ni mwanao."

"Hakulia, hakubatizwa, jina hana. Mwanangu kwa lipi? Fungua mdomo uone kama hurudi kwenu Kaengesa na hilo jembe lako."

Alhamisi Isdori akaja amepoa. Akamshika bega. "Mama Jenifa, nionyeshe basi. Tumhamishe sisi wawili, kimyakimya."

Akamwonyesha. Hapo ndipo alipokosea, maskini. Alikwenda kuchukua kanga safi ya kumpokelea mtoto. Aliporudi, tuta lilikuwa limefumuliwa. Isdori alikuwa ameegemea jembe kando ya moto wa takataka, anafuta jasho.

"Yuko wapi?"

Isdori akaelekeza kidevu kwenye moto. "Kitambaa na vijiti. Kiwanja sasa ni safi."

Avelina alikaa chini na kanga yake mpaka moto ukazimika wenyewe.

Jumamosi, saa sita mchana, jua la utosi. Isdori alikuwa uani anakula ugali wa ulezi. Tonge likamdondoka. Mkono wa kushoto ulijikunja taratibu, ukatulia kifuani. Wa kulia ukaufuata, ukaushika kwa chini.

"Mama Jenifa. Mikono."

Akaivuta. Haikukunjuka. Mabega yakaanza kuyumba. Kushoto. Kulia. Polepole, kama anabembeleza.

"Kuna kitu hapa," alinong'ona. "Kizito. Kina joto."

Avelina alitoka jikoni akasimama mbali kidogo.

"Nipokee, mke wangu. Nakuomba."

"Nilikuomba siku moja tu, ukaninyima."

"Kinapapasa. Avelina, kinatafuta..."

"Usiwe na papara naye. Mshike shingo."

Akarudi jikoni akafunga mlango. Alisikia kila kitu. Kwanza matusi. Halafu sala. Halafu kilio chembamba ambacho hakikuwa cha mtu mzima. Halafu kimya, na ndani ya kimya, sauti ndogo ya kumeza.

Jioni walimkuta amekaa palepale kwenye kigoda, mweupe kama unga, macho wazi.

Jastin, mdogo wake, ndiye aliyemwosha. Mikono waliivuta wanaume watatu, haikunyooka. Ikabidi jeneza lichongwe pana. Mwili mzima ulikuwa wa baridi. Kwenye kiwiko cha kushoto, ndani ya mkunjo, palikuwa na joto bado. Na shati lilipochanwa, Jastin alitoka nje akamwita shemeji yake kando.

"Shemeji," alimnong'oneza Avelina, "titi la kushoto limenyonywa. Limekaushwa damu. Pembeni kuna alama za fizi. Jino hata moja hakuna."

Avelina hakulia. Alikunja ile kanga safi, akaiweka mapajani, akailainisha kwa kiganja.

"Shemeji," aliuliza, "alishiba?"