Mzizi wa Invidere

Maziwa ya asubuhi yalinuka nywele zilizoungua, na ng'ombe hakuwa mgonjwa.

Lynn aliyamwaga, akasonga na mtoto karibu na moto. Wanyoike, shemeji yake, aliwatazama kutoka mlangoni. Huyu ndiye mwenye degree: Kilatini alianzia seminari, akamalizia na linguistics campus, second class upper, na sasa anapalilia viazi vya mama yake hapa Dundori. Mdogo wake Jeff, D plus, ndiye ako na kazi Nakuru. Ako na bibi, Lynn. Ako na mtoto.

"Si useme basi anafanana na mimi," Jeff, aliyekuja nyumbani likizo, akamtania.

"Anafanana na wewe," Wanyoike akasema, akimkazia mtoto macho.

Karibu na sikio la Wanyoike, kope zilizolowa zikafunguka. Alizisikia.

Kufikia kesho yake mtoto alikuwa moto, amekataa titi, na hospitali hawakuona kitu. Wanyoike akakimbilia shambani. Sauti ikamfuata huko, tulivu kama ya lecturer.

"Msomi. Invidere ni nini?"

"Kuona wivu," akanong'ona.

"Hiyo ni meaning. Nimeuliza mzizi."

"Videre, kuona. Ukiongeza in, ni kumkazia mtu jicho baya." Aligeuza udongo kwa jembe. "Kabla ya Warumi, weid. Kuona tu."

"Ulikuwa mzizi safi, nikahamia ndani. Waliousema wamekufa wote. Mimi bado nakula."

Alipokimbia nyumbani, mama yake, Wamaitha, alikuwa amemvua mtoto nguo.

"Sishtaki mtu," alisema polepole. "Kila aliyemtazama amtemee mate kidogo kifuani, kwa roho safi, homa itoke."

Lynn akatema. Jeff akatema, akalia, na Wanyoike akainama akitaka kabisa huyo mtoto apone, kwani amemkosea nini, lakini akaona mkono wa Lynn ukimpapasa Jeff mgongoni, polepole, vile hakuna mtu amewahi kumpapasa yeye, akawaza wacha alie, kidogo tu, siku moja tu ajue vile mimi hulia, na hapo hapo ulimi ukakauka, ukagandamana na meno, koo likawa vumbi tupu.

"Tema, Wanyoike."

"Nangoja yatoke, mathe."

Wamaitha alimtazama mdomo, kisha akavuta leso na kumfunika mtoto uso, Wanyoike asimwone tena.