Mishale Miwili Darajani

Mwendesha pikipiki alilala chali katikati ya daraja jembamba, kofia ngumu ikiwa bado kichwani. Alikuwa ameshakata roho. Hatua chache mbele, gari dogo jeupe lilikuwa limeegemea ukingo, taa moja imepasuka.

"Nani alikuwa anaendesha?" Inspekta aliuliza.

"Mimi, afande," alijibu mwanamke mfupi, fundi cherehani, akiwa amemshika baba yake mkono. Mzee huyo mrefu alifundisha udereva hadi alipostaafu. Nusu ya madereva wa mji walipita mikononi mwake, na wote walimwita Mwalimu.

Inspekta alichungulia ndani ya gari. Kiti cha dereva kilikuwa kimesukumwa nyuma kabisa.

"Hebu kaa hapa, dada. Kanyaga breki."

Mguu wake haukufika.

"Kiti kilisogea tulipogonga!"

"Kimejifunga barabara. Hakikusogea."

Kituoni, Inspekta alimketisha mzee peke yake, akaweka picha mbili za alama za barabarani mezani. Kila moja ilikuwa na mishale miwili, mmoja ukipanda, mwingine ukishuka.

"Shikamoo, Mwalimu. Ipi inamwambia dereva asubiri?"

"Marahaba. Unaniuliza mimi hilo, mwanangu? Ya duara yenye ukingo mwekundu: mpishe anayekuja. Ya mraba, ya buluu: pita, wewe kwanza."

"Sawasawa. Upande mliotokea ipo ya duara. Nionyeshe."

Kidole cha mzee kilitangatanga, kikatua kwenye mraba.

Inspekta alizikusanya picha.

"Asubuhi uliona ipi?"

"Niliona mishale. Nikajiambia ni mraba, nikaingia. Daktari alishanikataza kuendesha, nikamficha binti yangu. Mimi niliyefundisha mji mzima, nishikwe mkono kuvushwa barabara?"

Inspekta aliagiza binti aletwe.

"Baba, nyamaza!" alilia mlangoni.

"Ulijua lini?" Inspekta alimuuliza.

"Pale pale darajani. Aliponiuliza tumegonga nini." Alijifuta machozi kwa kiganja. "Macho yameshakwenda, afande. Nikaona jina lake lisiende pia."

"Aliyekufa ana mama. Amekaa hapo nje."

Binti akainamisha kichwa. Mzee akasimama, akishikilia meza.

"Andika, mwanangu. Niliyeendesha ni mimi, na nilijua sioni." Kisha sauti ikashuka. "Nieleze sura ya marehemu. Mimi niliona kivuli tu."

Inspekta akavuta kiti, akamweleza yote, bila kumpunguzia hata kovu dogo la kidevuni.