Jina Lililofutwa Kwenye Leseni

Kila siku baada ya masomo, Chapuchapu alifagia chumba cha kompyuta kabla ya kuwasha mashine. Aliitwa hivyo kwa sababu vidole vyake vilitangulia mawazo. Yeye na rafiki yake Miwani walikuwa wameandika programu ya kuwakumbusha wazazi siku za chanjo kwa ujumbe wa simu. Waliiweka mtandaoni na leseni ya wazi: yeyote aitumie, airekebishe, aigawe, mradi asifute majina yao mawili.

Jumatatu moja Miwani alikuwa mgonjwa. Shindano la shule lilitaka kazi ya mwanafunzi mmoja. Chapuchapu akafungua faili la leseni, akafuta jina la mwenzake, akaandika: “Mali yangu peke yangu. Marufuku kuitumia bila idhini.” Akabonyeza. Ikaenda.

Kesho yake mchana mama yake, muuguzi wa kliniki ya watoto iliyotumia programu hiyo, aliingia akihema, bado amevaa sare.

“Programu yenu imejibadilisha! Inasema marufuku, na daktari ameifunga. Kesho ni siku ya chanjo na hakuna mzazi aliyepata ujumbe. Tunafunga saa kumi!”

Saa ya ukutani ilionyesha tisa na robo.

“Labda ni hitilafu, mama,” Chapuchapu alisema.

Miwani, aliyekuwa amepona na kurudi shule, alikuwa ameshainamia kioo cha kompyuta. Alisoma, akasoma tena. “Hitilafu inajua kufuta jina langu tu? Nusu ya hii kazi niliiandika mimi.”

Mwalimu wa kompyuta akaweka chaki mezani, akangoja.

“Ni mimi,” Chapuchapu alisema, machozi yakimlenga. “Nilitaka kushinda. Nisamehe.”

“Ungeniuliza, huenda ningekubali,” Miwani alijibu bila kumtazama.

“Toleo la zamani mlishalitoa kwa watu, na ruhusa yake haifutiki,” mwalimu alisema. “Kliniki inaweza kulirudia sasa hivi.”

“Daktari hatakubali mpaka aone maandishi ya wenye kazi wote,” mama akasema.

Wote wakamgeukia Miwani. Hatimaye akavuta kiti. “Sogea. Watoto wa watu hawakunikosea.”

Aliandika ruhusa kwa kliniki, kisha jina lake. Chapuchapu akaandika la kwake chini yake, herufi moja moja, kisha akaandika barua ya kujitoa kwenye shindano. Mwalimu akaichapisha ile ruhusa, na mama akaondoka mbio na karatasi hiyo.

Saa kumi kasoro dakika nne, simu ya mwalimu, mwenye mtoto mchanga, ikalia: “Mzazi, kesho ni siku ya chanjo.”

Miwani akacheka kidogo. “Leo umeandika kama kobe.”

“Kobe hufika,” mwalimu alisema. “Leseni ni ahadi, mwanangu. Mkiiweka wawili, mmoja haibadilishi kwa siri. Muulize mwenzako kwanza, hata kama unajua atakataa.”