Vidoti vya Kijani Kwenye Kitunguu

Kila Jumatano, baada ya mapumziko, darasa la sita lilihamia chumba cha sayansi. Hadubini ilikuwa moja na wanafunzi arobaini na mmoja, kwa hiyo kila mtu alipewa dakika mbili za kuchungulia, kisha akampisha mwenzake.

Wiki hiyo kazi ilikuwa na zawadi. Taasisi ya utafiti wa seli ilikuwa tayari kumpokea mwanafunzi mmoja, akaone seli hai ikigawanyika. Mwalimu aliwaeleza kwamba miili yetu imejengwa kwa seli, vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho matupu, na kwamba siku hizi watafiti wanaweza kubadilisha maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya seli za mgonjwa wa selimundu, naye akapata nafuu kubwa. Atakayechora vizuri zaidi seli za ngozi ya kitunguu ndiye atakayekwenda.

Wote walimgeukia Kalamu, msichana aliyepewa jina hilo kwa uzuri wa michoro yake. Lakini zamu yake ilipofika, aliona ukungu tu. Alizungusha kirekebishi, kile kifundo cha kuipa picha uwazi, huku na huku, foleni ikaanza kuguna. Akaona aibu kusema haoni kitu. Alirudi dawatini, akainua macho ukutani palipobandikwa picha kubwa ya seli ya mmea, akainakili yote, mpaka vidoti vyake vya kijani.

Jirani yake dawatini aliitwa Polepole, kwa kuwa hata kufuta ubao kulimchukua kipindi kizima. Yeye alichora matofali yaliyopinda, na katikati duara kubwa jeusi. Chini yake aliandika, "Hiki sikijui." Darasa likacheka, naye akacheka nao.

Mwalimu alimchagua Kalamu.

Jioni, mama yake, fundi cherehani, alikuwa akikata vitunguu. Aliutazama mchoro kwa furaha, kisha akabandua utando wa kitunguu na kuuinua penye mwanga wa dirisha.

"Mwanangu, mimi shule niliiacha mapema," alisema. "Lakini hivi vya kijani viko wapi? Kitunguu hiki ni cheupe pepepe."

Kalamu alijibu kwamba ni vidogo mno, havionekani. Mama alimwamini papo hapo, na hilo ndilo lililomchoma.

Asubuhi alimsubiri mwalimu mlangoni. "Mwalimu, sikuona kitu," alisema. "Nilinakili picha ya ukutani."

Mwalimu alijikuna kichwa. Alikiri kwamba yeye naye alilewa unadhifu wa mchoro: vidoti vile hutumia mwanga kutengeneza chakula cha mmea, na kitunguu kilichokulia udongoni kingevipata wapi? Hata hivyo, alimwambia waziwazi kwamba nafasi ile si yake tena. Kalamu alifuta machozi. Ndipo mwalimu akamwekea hadubini, akamfundisha kuzungusha kirekebishi taratibu, na ukungu ukatoweka. Matofali membamba yalijipanga, kila moja na kiini chake chenye rangi ya chai. Kulikuwa pia na duara jeusi. Mwalimu akacheka, akasema ni kiputo cha hewa tu.

Siku mbili baadaye mtafiti mmoja alifika kutoka taasisi ili achague mwenyewe. Alipitia michoro yote, akatua kwenye ule wa Polepole, akasoma maneno ya chini na kutabasamu. Akampa nafasi.

"Ahsante, lakini mkono wangu unachora kama kuku anayeparua," Polepole alisema. "Naomba niende na Kalamu."

Mtafiti alitaka kujua Kalamu ni nani. Kalamu akajieleza mwenyewe, na kosa lake hakulificha. Mtafiti alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akawaambia waje wote wawili.

Katika maabara, walitazama kwenye skrini seli moja ikijikaza kiunoni, ikajikaza tena, mpaka zikawa mbili. Polepole alisahau kufunga mdomo. Mtafiti akawasimulia kwamba mwaka mmoja walipoteza miezi minne ya kazi, kwa sababu mwenzao aliandika alichotarajia kuona badala ya alichokiona.

"Seli haijali sisi tunataka iwe nini," alisema, akimgeukia Kalamu. "Ukiandika usichokiona, anayeumia ni mgonjwa anayesubiri dawa. Kosa ukilikiri mapema linauma mara moja. Ukilificha, linauma kila siku. Wewe umelijua hilo mapema kuliko wengi wetu."

Kalamu akachukua penseli na kuchora. Polepole alimchungulia begani kwa muda mrefu, kisha akamwambia kwamba seli ya kushoto ni ndogo kidogo kuliko ya kulia.

Kalamu hakubisha. Alitazama tena skrini, akafuta, akachora upya.