Alama Nyekundu Jikoni kwa Mama Edith

Kila asubuhi kabla ya shule, Edith aliteka maji kwenye chemchemi iliyo bondeni, chini ya nyumba yao, pembeni mwa mji wa Sumbawanga. Baridi ilimng'ata vidole, lakini maji yale yalikuwa safi na mtaa mzima uliyategemea.

Siku hiyo alirudi na ndoo, akakuta ukuta wa jiko lao umepigwa X kubwa ya rangi nyekundu. Mama yake, Justa, alikuwa amesimama mbele ya ukuta huo, mwiko mkononi.

"Wanatubomolea, mama?"

"Ati jiko liko karibu mno na maji. Huyu Nestory, mkaguzi wa majengo, anasema nikitaka alama ifutwe nikamwone pembeni. Nimemwambia anione hapa hapa, mchana kweupe."

Edith aligeuka kutazama bondeni. Ghala jipya la tajiri mmoja wa mahindi lilikuwa likijengwa ukingoni kabisa mwa chemchemi, na mafundi walimwaga kifusi mpaka majini. Ghala halikuwa na alama yoyote.

Jumamosi, ofisa ardhi wa wilaya alihudhuria mkutano wa mtaa. Nestory alisimama akataja watakaobomolewa. Hata kabla hajaketi, Edith alinyoosha mkono.

"Shikamoo, mheshimiwa. Jiko letu liko juu. Ghala liko chini, kwenye maji. Mbona jiko ndilo lenye alama?"

"Waambie, mwanangu!" mwanamke mmoja alipaza sauti.

"Kaa chini wewe!" Nestory alifoka. "Na mama yako asijifanye msafi. Siku niliyokuja kukagua, si alinipa kuku?"

Edith aliona haya. Ni kweli, tena yeye ndiye aliyemkamata yule jogoo na kumfunga miguu. Kwao, mgeni wa mara ya kwanza haondoki mikono mitupu. Alitamani ardhi immeze, lakini hakuketi. Mama yake naye akasimama.

"Kuku nilimpa mgeni, majirani wakiona, na sikumwomba kitu. Ulimla?"

"Nilimla."

"Haya, ulishiba. Mwenye ghala yeye alikulisha nini, hata macho yakashindwa kuliona ghala zima?"

Watu walicheka, wakapiga makofi.

Ofisa aliagiza tepu ya kupimia, wote wakashuka bondeni. Sheria inataka mita sitini kutoka kwenye maji. Jiko lilikuwa mbali kuliko hapo. Ghala lilikuwa linakaribia kulowa. Ofisa alisimamisha ujenzi palepale, akaamuru kifusi kizolewe na alama ifutwe. Nestory alisimamishwa kazi ili achunguzwe.

Jioni, Edith alikuwa bado na jambo linalomkera. "Mama, wageni tusiwape tena kuku?"

"Tutawapa. Mgeni tunampa kwa sababu amekuja kwetu. Lakini anayekuuzia haki yako usimpe hata yai. Hiyo ni rushwa. Ukitoa leo, kesho atarudi, na mtaa mzima utakunywa matope. Ukiona uovu, sema, hata wakikuambia ukae chini."

"Na Nestory akirudi?"

"Akija na njaa, atakula ugali," mama alisema. "Akija na vitisho, atanikuta nimesimama."

"Atatukuta," alisema Edith.